Tarafa ya Unywele Mmoja

Haya hayakutokea kwetu, wala hayakutokea kwenu. Yalitokea katika nchi nyingine kabisa, yenye bendera yake na wimbo wake, na msomaji akihisi kwamba amewahi kupanga foleni katika ofisi zake, hiyo ni homa tu. Anywe maji, apumzike.

Dola ya nchi hiyo ilikuwa na tatizo la miaka mingi: haikujua kwa hakika nani ni nani. Ilianza kutambua watu kwa alama za vidole, lakini wananchi wengi walikuwa wachoma chokaa na wavunja kokoto, na kazi ilikuwa imeshafuta alama zote. Ikajaribu damu. Damu ikawekwa kwenye majokofu, umeme ukakatika siku kumi na moja, na harufu iliyotoka humo ikawahamisha makarani jengo zima. Kuna aliyependekeza nyuso, ila Baraza la Mawaziri lilikataa kwa kauli moja, kwa sababu uso wa mtu hubadilika akipata cheo.

Ndipo alipoteuliwa Mnyweleji Mkuu wa Dola, daktari msomi mwenye koti jeupe, akajengewa Jumba la Unywele na kununuliwa mashine kubwa kuliko kitanda cha sita kwa sita. Alihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nyama huoza, damu huchacha, ulimi huongopa. Unywele hauozi upesi, hauchachi, na hauna mdomo wa kuongopea. Ndani yake mna protini, na protini ni mnyororo wa vipande vidogo vidogo. Mpangilio wake umeurithi kwa baba yako na mama yako. Pale ambapo jirani yako ana kipande hiki, wewe una kile. Tunauyeyusha unywele kwa dawa, mashine inausoma mnyororo, na mnyororo unatutajia jina lako. Hata ukikaa kaburini miaka mia, unywele wako utakusema!"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Naomba hilo likumbukwe, maana katika kisa hiki sayansi haikukosea hata mara moja.

Ikapitishwa Sheria ya Unywele: hakuna mtu, awe hai au maiti, atakayehesabiwa kuwa ndiye yeye mpaka unywele wake umetoa ushahidi. Kila msimamizi wa tarafa, ambaye wananchi walimwita Bwana Tarafa, aliagizwa kupeleka mjini nywele ishirini za kila mkazi, katika bahasha yenye jina lake, ndani ya siku tatu. Tarafa ya kwanza kutimiza agizo ilikuwa Machokaani. Bahasha zake mia tatu na tisa ziliwasili siku ya pili asubuhi, zikiwa zimebandikwa vizuri, na Jumba zima likasimama kuzipigia makofi.

Mashine ikazisoma. Ikakuta kwamba watu wote mia tatu na tisa wa Machokaani wana unywele mmoja.

Katika nchi nyingine huenda mtu angeuliza swali. Katika nchi hii Waziri wa Utambuzi alilia kwa furaha mbele ya waandishi wa habari. "Tumehubiri umoja miaka hamsini," alisema, huku akijifuta. "Sasa umoja umeingia hadi kwenye nywele!" Bwana Tarafa wa Machokaani akavishwa Nishani ya Umoja, Daraja la Kwanza, na watoto wa shule wakatungiwa wimbo.

Sikudhani, mke wa Pazi mchoma chokaa, aliusikia wimbo huo akiwa anaosha vyombo. Alijishika kichwa chini ya kanga. Hakukumbuka mtu yeyote kuja kumkata nywele. Lakini majirani walikuwa wakipiga makofi, naye akakung'uta mikono akapiga.

*

Miezi mitano baadaye Dola ilifungua daraja jipya Machokaani. Lilifunguliwa Jumatatu kwa utepe na ngoma. Alhamisi lilianguka, na aliyekuwa juu yake saa hiyo ni Pazi na baiskeli yake na magunia mawili ya chokaa.

Waziri alitangaza kwamba daraja limejilaza kidogo kwa ajili ya mapumziko ya kitaalamu, na kwamba hakuna aliyekufa, kwa kuwa hakuna aliyetambuliwa. Siku ya sita maji yakaitoa maiti kwenye matete huko bondeni. Uso haukuwa wa kutazamwa. Polisi wakaipeleka kwenye mochwari ya Dola, ikafungwa kibao: Mali ya Dola, Namba Saba.

Sikudhani alikwenda kwa miguu. Mtunza mochwari, Mzee Fumbwe, mtu wa makamo aliyezoea kuongea polepole, alimfunulia shuka upande wa miguu. Mguu wa kushoto haukuwa na vidole viwili. Jiwe lilivikata mwaka waliooana. Mkanda ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu, na uzi ule aliutoa Sikudhani mwenyewe kwenye kitambaa cha kitanda.

"Ndiye," alisema.

"Pole, mwanangu," Mzee Fumbwe alijibu. "Mimi nakuamini. Ila sheria inasema macho ya ndugu hulia, na jicho linalolia halioni sawasawa. Mpaka unywele useme."

Akakata nywele chache fupi, zimepauka kwa chokaa, akazitia kwenye bahasha.

Sikudhani alirudi nyumbani akakaa mlangoni. Hakulia. Alijaribu kujua anahisi nini, akakuta pale mahali pa kuhisi pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Jirani yake, Bi Havijawa, alikuja na bakuli la uji, akasimama hajui aseme nini. Kumwambia pole ni kusema mtu amekufa, na Dola ilikuwa imesema hakuna aliyekufa.

"Basi kunywa uji, shoga," akasema.

"Nitakunywa," Sikudhani akajibu, akaushika mpaka ukapoa. Hakujua akae eda au asubiri mume. Alichokitaka kilikuwa kidogo sana, hata ungeona haya kukiita ombi: apewe Pazi amwoshe, asaliwe, azikwe. Hayo tu.

*

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu. Aliitwa Jumba la Unywele, akakalishwa mbele ya meza ndefu. Upande mmoja alikaa Mnyweleji Mkuu, upande mwingine Bwana Tarafa na nishani yake. Bwana Tarafa alikuwa na kipara kilichong'aa kiasi kwamba taa ya darini ilionekana humo.

"Mama," alianza Mnyweleji Mkuu kwa upole, "nina habari njema. Yule si mumeo. Watu wa Machokaani wana unywele mmoja, hilo linajulikana hadi ng'ambo. Unywele wa maiti ni tofauti kabisa. Yule ni mgeni aliyepita kwenye daraja letu bila kibali."

"Vidole vyake vya mguu, mheshimiwa..."

"Vidole havimo kwenye sheria tena, mama. Tuliviacha."

Sikudhani alikuwa amejitayarisha. Akafungua kifurushi, akatoa kofia ya Pazi, ile ya kushonwa kwa mkono aliyoiacha msumarini asubuhi ile. Ndani yake zilikuwamo nywele. Alifikiri kofia itamaliza maneno.

Mnyweleji Mkuu alifurahi kweli, maana alikuwa mtu wa haki na alipenda kazi. Akaomba siku nne. Siku ya tano wakakaa tena palepale.

"Nywele za kofia na nywele za maiti ni za mtu mmoja," akasema. "Hakuna shaka hata chembe."

"Alhamdulillahi," alisema Sikudhani.

Bwana Tarafa aligonga meza. "Unamshukuru Mungu? Maana yake yule mgeni alikuwa akivua kofia nyumbani kwako! Kwa muda gani, mama? Miaka mingapi umemficha mwanamume wa kigeni ndani ya tarafa yangu? Na mumeo halisi, Pazi, mwenye unywele wa Machokaani, yuko wapi? Umemfanya nini?"

Wakamhoji toka saa tatu hadi saa tisa. Sikudhani alijibu kila swali. Ndiyo, yule mgeni alilala kitandani mwake. Ndiyo, miaka kumi na minane. Ndiyo, watu walimwona. Ndiyo, walimwita Pazi. Karani akaandika yote, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo, naye akasema ndivyo. Alisikia sauti yake ikijibu kwa heshima na akashangaa inavyojua kazi yake bila yeye. Walimwachia kwa onyo, kwa sababu mahabusu ya wanawake ilikuwa ikipakwa rangi.

*

Aliyekuja kwake jioni ile alikuwa Ngwale, tarishi wa ofisi ya tarafa. Ngwale alikuwa na nywele nyingi ajabu. Vinyozi wawili walikuwa wameshavunja vitana vyao humo. Alikaa kwenye kigoda, akakunja mikono katikati ya magoti.

"Shemeji," alisema, "kuna jambo linanila. Lile agizo la nywele lilikuja msimu wa kulinda mazao yasiliwe na nyani. Watu wote mko mashambani, huko mabondeni. Bwana Tarafa akasema, nani atakwenda kuwatafuta watu mia tatu na ushei na mkasi mkononi? Akanikalisha kwenye kiti. Akaninyoa mwenyewe, kichwa chote."

Sikudhani alimtazama.

"Bahasha zote ni mimi, shemeji. Pazi ni mimi. Wewe ni mimi. Hata Bwana Tarafa, kile kipara hakikuwa na cha kutoa, naye ni mimi. Nilipewa ruhusa ya siku mbili na nusu kilo ya sukari."

"Ukaila?"

"Nikaila." Macho yalimjaa machozi. "Nilikwenda leo kumwambia Mnyweleji. Akanipima. Akasema mimi ni mtu halisi wa Machokaani, niende nikajivunie. Nikasema mheshimiwa, nywele ni zangu peke yangu. Akasema kinywa si ushahidi."

Mtu mwingine angemfukuza Ngwale, au angemtia kofi. Sikudhani alitafuta hasira akaona haipo karibu. Alichokiona ni kichwa cha Ngwale, kimeota tena msitu wake, na mawazo yakamjia moja moja, bila haraka.

"Shemeji Ngwale," alisema, "nikisema kweli naambiwa mwongo. Sasa ngoja niseme uongo, tuone nitaambiwa nini. Lete kichwa."

Akaingia ndani kutafuta mkasi.

*

Sheria ya Unywele iliruhusu rufaa moja. Mlalamikaji alitakiwa kukata nywele za maiti kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mtunza mochwari, maana waliotunga sheria waliogopa sana kwamba watunza mochwari wangeweza kudanganya.

Sikudhani alifika amefunga kitu kwenye pindo la kanga. Mzee Fumbwe akavuta droo. Jokofu lilifanya kazi siku ambazo umeme ulitaka, na siku hizo hazikuwa nyingi. Wote wawili walijifunika pua. Sikudhani akainamia kichwa cha mumewe. Alikigusa. Moyoni akamwambia, nisamehe, nakuazima nywele za mwingine ili jina lako lirudi kwako. Kisha akafungua pindo.

Mzee Fumbwe aliinua macho akatazama juu. "Dari hili linavuja," alisema. "Nimeandika barua mara nne."

Alipoyashusha macho, kwenye bahasha zilikuwamo nywele nyeusi ti, nene, zimejikunja.

"Wiki ile zilikuwa fupi na zimepauka," akasema taratibu.

"Wafu wa siku hizi, baba."

"Kweli," akasema Mzee Fumbwe, akabandika bahasha, akatia muhuri. "Siku hizi hata wafu wana mambo."

*

Siku ya arobaini na tatu tangu daraja kuanguka, Mnyweleji Mkuu alishuka ngazi mwenyewe kumpa Sikudhani jibu. Mkononi alikuwa na kibali cha mazishi, na kibali kilikuwa kinene.

"Mama, mashine imekiri, na rufaa hufuta vipimo vya mwanzo. Mwili ni wa Pazi Mwinjuma wa Machokaani. Nakupa pole rasmi."

"Ahsante, mheshimiwa."

"Ila sayansi haina upendeleo." Alivua miwani akaifuta, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu asiyelala vizuri. "Unywele huu ni wa Pazi. Vilevile ni wa kila mtu mwenye unywele huu. Mwili ukiwa yeye, ni wao pia. Siwezi kumzika mmoja nikawaacha mia tatu na wanane wakitembea, daftari halitakubali. Kibali kinahusu wote. Majina yamepangwa kwa alfabeti."

Akamsogezea karatasi.

"Sheria inakupa nafasi. Soma orodha. Ukiona jina la mtu aliye hai, sema kabla ya saa sita mchana. Jina moja likikosewa, ushahidi wote unafutika. Mwili unarudi kuwa mgeni, na wageni huchomwa moto Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo. Sikudhani alisoma Machokaani nzima, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kidole, kama alivyofundishwa shule. Alimkuta Bi Havijawa. Alimkuta mkunga aliyempokea siku aliyozaliwa. Alimkuta Ngwale, aliyekuwa amesimama nje getini na kichwa kipya kama yai. Alimkuta Pazi. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili akamkuta Sikudhani binti Mfaume, mke wa Pazi, mkulima.

Alijaribu kulipinga. Alijiuliza ni lini mara ya mwisho alihisi njaa, au baridi, au alicheka, akahesabu siku, zikawa arobaini na tatu.

"Umeona kosa?" aliuliza Mnyweleji Mkuu. Kuna namna aliuliza, ungedhani alitaka liwepo.

"Hakuna kosa, mheshimiwa."

"Umesoma hadi mwisho?"

"Nimesoma. Wote ni marehemu. Nitie saini wapi?"

Mnyweleji Mkuu alitazama kalamu, akamtazama yeye. Akapekua kitabu cha sheria kwa dakika tano nzima. Hakuona mahali panapomkataza mfu kutia saini, akampa kalamu.

*

Dola ilipokea msiba kwa ushujaa. Waziri, ambaye mwezi mzima alikana kifo kimoja, alitangaza vifo mia tatu na tisa bila kutetereka, na akasema daraja halikuhusika, kwa kuwa daraja halina unywele. Zahanati ya Machokaani ikafungwa siku hiyohiyo, maana wafu hawaugui. Mwalimu wa shule akahamishwa. Ngwale akaachishwa kazi, kwani mfu hawezi kupeleka barua, na Bwana Tarafa akanyang'anywa gari na ofisi.

Bwana Tarafa alimfuata Ngwale hadi kwenye kisima. "Umeniua, Ngwale!"

"Ulininyoa mwenyewe, mkuu," Ngwale akamjibu.

Angeweza kupinga, Bwana Tarafa. Ingembidi aeleze tu zile bahasha alizijazaje. Alifikiri usiku mmoja, akaona afadhali kufa na nishani.

Pazi aliletwa kwa mkokoteni Alhamisi ileile alasiri. Wanaume walimwosha kwa subira, kwa jinsi mwili ule ulivyoruhusu, wakamvika sanda, wakamsalia. Tarafa nzima ilikuja, maana siku hiyo hapakuwa na mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya. Wanawake walisimama nyuma, mbali kidogo, na Sikudhani katikati yao.

Wakati wa kumteremsha kaburini, ofisa mmoja wa Jumba la Unywele alijitokeza na orodha. Alitaka majina yote yasomwe, kwa kuwa kaburi ni la wote. Shehe alisema dini inamwona maiti mmoja. Ofisa akasema Dola inawaona mia tatu na tisa. Wakasuluhishana kwamba dini imalize kwanza, kisha Dola nayo iseme yake.

Dini ilimaliza. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, ofisa akakohoa, akaanza kusoma.

"Abdulmajidi Bwagilo."

"Nipo!" aliitika Bwana Tarafa. Halikuwa neno alilolipanga. Watu wa nchi ile waliitwa majina tangu shuleni, kwenye mikutano, kwenye foleni za mbegu, na mdomo ulikuwa umezoea. Watu wachache walicheka. Ofisa hakujua afanye nini, akaweka alama ya vema, akaendelea.

"Athumani Pongwe."

"Nipo."

"Chiku Mwaruka."

"Nipo."

Hakuna aliyecheka tena. Wakaitika mmoja mmoja, wengine kwa sauti ya kusikika, wengine kama wanaojiambia wenyewe. Bi Havijawa aliitika. Mkunga aliitika. Ngwale alisema "Nipo" akainamisha kichwa chake kitupu.

"Pazi Mwinjuma."

Kimya.

Ofisa alisubiri. Kwa mujibu wa kanuni, asiyeitika huitwa mara tatu.

"Pazi Mwinjuma."

Watu walitazama chini. Upepo ulipeperusha chokaa kwenye nguo zao.

"Pazi Mwinjuma!"

Sikudhani alisikiliza. Alikuwa amevitambua vidole, na mkanda, na kofia. Alikuwa amelijua jambo hili siku arobaini na tatu, amelijibia maswali, amelitilia saini. Sasa alilisikia. Miongoni mwa watu wote wale, mmoja tu hakuitika, naye alikuwa wake. Kitu kikamtoka kifuani, sauti ambayo hata yeye hakuijua, akapiga magoti mchangani, akalia. Alimlilia Pazi kwa jina. Wanawake wakamshika mabega, na wao wakilia, na ofisa akaendelea kusoma kwa sababu karatasi zilikuwa bado nyingi.

Walipofika ukurasa wa kumi na mbili alikuwa bado analia.

"Sikudhani binti Mfaume."

Hakuweza kuitika. Ofisa akainua kalamu, akalirudia jina.

"Yupo," alisema Bi Havijawa, mkono wake ukiwa mgongoni kwa mwenzake. "Si unamsikia?"

Ofisa akaweka alama ya vema, akaita jina lililofuata.